Cherehani Mbili, Ploti Moja na Wasia

Nilipoandika wasia nilikuwa na miaka 28, na mali yangu yote ingeenea kwenye pikapu moja: cherehani mbili, ovaloki (mashine ya kupindia kingo za nguo), pasi ya mkaa ambayo siitumii lakini siwezi kuitupa, kitanda, televisheni, mtungi wa gesi. Ongeza akiba ya sacco na ploti ya futi hamsini kwa mia upande wa Rongai, ambayo nimemaliza kuilipia lakini hati yake kila nikiuliza naambiwa "iko njiani". Halafu kuna mwanangu, ambaye si mali, ila bila yeye nisingeshika kalamu.

Nina kibanda cha kushona karibu na Soko la Top hapa Nakuru. Kwetu ni Vihiga. Nayataja yote mawili kwa sababu maisha na kazi yangu viko Nakuru, lakini maswali magumu ya wasia karibu yote yalitoka Vihiga.

Watu wakisikia kijana ana wasia wanadhani anaumwa au ana hela nyingi. Mimi sikuwa naumwa, na hela mnaijua. Nilichokuwa nacho ni yale niliyoyaona baada ya binamu yangu kufariki kwenye ajali upande wa Salgaa. Alikuwa akiuza mitumba, hana ndoa, hana mtoto, na alikuwa amenunua pikipiki akampa kijana mmoja aiendeshe kwa hesabu ya kila siku. Maisha yake yalikuwa yamepangika, sema mpango wote ulikuwa kichwani mwake.

Siku chache baada ya mazishi, wazee walikaa mezani na simu yake. Ilikuwa imerudi kutoka polisi ikiwa na ufa kwenye kioo, lakini inafanya kazi. Baba mdogo aliiweka katikati, kando ya sahani ambazo hazijaondolewa. Kila mara ilitetemeka, na ujumbe ukasomeka juu ya kioo hata bila kufunguliwa. Mkopo umepitisha tarehe. Mteja anauliza bale lake. Mtu aliyehifadhiwa kwa jina la "Pikipiki" anauliza, "Boss, hesabu ya leo nitume kwa hii namba?" Hakuna aliyejua namba ya siri. Walijaribu mwaka wa kuzaliwa wa marehemu, wakajaribu wa mama yake, wakajaribu moja mbili tatu nne, mpaka simu ikajifunga. Yule kijana wa pikipiki alituma ujumbe wake siku kadhaa bila kujibiwa. Baadaye naye akanyamaza, na pikipiki ikanyamaza naye.

Baba mdogo akasema laini itolewe, ipelekwe kwa wakala anayemfahamu, hela itoke. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, jirani yetu, akamwambia polepole, "Ndugu yangu, hiyo ni kesi." Kweli ni kesi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema mtu anayejichukulia au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na bado atatakiwa kutoa hesabu ya alichogusa.

Shangazi naye akakumbuka kwamba Krismasi iliyotangulia marehemu alimwambia, "Mimi nikiondoka, kila kitu ni cha mama." Huenda alisema. Wasia wa mdomo unakubalika Kenya, ila lazima utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu aseme. Krismasi ilikuwa imepita zamani, na aliyesikia alikuwa shangazi peke yake.

Mtu aliyenikaa rohoni zaidi ni msichana aliyekuwa akiishi na marehemu mtaa wa Free Area, Nakuru. Wazee walimwita "yule msichana" mwanzo hadi mwisho, ingawa ndiye aliyejua risiti ziko wapi na nani anadaiwa. Mtu asiye na mwenzi wa ndoa wala mtoto akifa bila wasia, mali yake inarudi kwa wazazi wake. Aliyekaa naye nyumba moja angelazimika kwenda kuthibitisha kwamba ile ilikuwa ndoa, na Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Januari 2023, ilikaza masharti ya jambo hilo: kuishi pamoja peke yake hakutoshi. Nilimsindikiza hadi Chavakali kupanda matatu. Njiani aliniambia kwamba bale la kwanza la marehemu alilinunua yeye. Sikuwa na la kumjibu.

Sasa, kuna wakili ambaye huniletea sketi zake nipunguze kiuno anapokonda na kuziachia anaponenepa. Nilimwambia kazi ya wiki hiyo simtozi, anijibu maswali tu. La kwanza lilikuwa kama ni lazima mtu amlipe wakili ndipo wasia uwe wasia. Alicheka, akasema hapana. Sheria inataka uwe mtu mzima na akili timamu. Uandike, utie sahihi au alama yako mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, nao watie sahihi zao mbele yako. Haitaki muhuri wala haitaki ukasajili popote. Karatasi ya daftari inatosha. "Lakini mwenye wake watatu na mashamba matano," akasema, "huyo aje ofisini."

Kisha akaniambia nimtajie nilicho nacho. Nilianza na shamba la Vihiga, kwa sababu nyumbani ndipo mtu anapoanzia. Akalikata kabla sijamaliza sentensi. Hati ina jina la babu, babu alifariki nikiwa shule ya msingi, na hakuna mtu aliyewahi kufungua faili la mirathi. Baba na ndugu zake wamegawana kwa miti ya mipaka na maneno ya mdomo. Kwa macho ya sheria lile shamba bado ni la babu, na mimi siwezi kumwachia mwanangu kitu ambacho hata baba yangu hajakipata. Wangapi kati yetu wanajihesabia ekari za nyumbani namna hiyo! Alipoona nimenywea, akaongeza kwamba siku faili likifunguliwa, sheria haitofautishi binti na mwana, aliyeolewa na asiyeolewa. Hilo sijamfikishia baba mdogo. Kila jambo lina siku yake.

La pili lilikuwa akiba ya sacco, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo naona vijana wengi hawalijui. Fedha ambazo ulijaza fomu ya mrithi haziingii kwenye mirathi. Zinaenda kwa jina lililo kwenye fomu, hata wasia wako useme vingine. Mahakama zetu zimeamua hivyo kuhusu akiba za sacco, na pensheni na bima nazo huenda kwa aliyeandikwa kwenye fomu. Fomu yangu niliijaza kabla mwanangu hajazaliwa, nikamwandika kaka yangu, ambaye nampenda sana ila akishika hela leo kesho anaazima nauli. Kwa hiyo hela nyingi kuliko zote nilizo nazo sikuzishughulikia kwenye wasia kabisa. Nilizishughulikia kwenye foleni ya sacco, nikiwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto na nakala ya kitambulisho cha dada yangu, kwa sababu mtoto hawezi kukabidhiwa fedha mkononi na walitaka jina la mtu mzima wa kumpokelea. Kama unafikiria wasia na huna muda, anza na fomu hizo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Ploti ilibaki kwenye wasia, lakini si kama nilivyokuwa nimeiandika. Nilikuwa nimeandika "ploti yangu". Wakili akataka "haki zangu zote juu ya ploti", pamoja na tarehe ya mkataba wa mauzo na mahali risiti zilipo, maana bila hati mkononi ninachomiliki kwa sasa ni mkataba na risiti. Atakayebaki ndiye atakayewasukuma wale wauzaji, na awe na cha kuwasukumia.

Nilimuuliza pia swali ambalo lilikuwa likinisumbua: kama mtoto ndiye mrithi wangu hata nisipoandika, kwa nini niandike? Ni kweli, mtu asiye na ndoa akiacha mtoto mmoja, mtoto huyo huchukua vyote, vikishikiliwa kwa niaba yake hadi atimize miaka 18. Lakini hapo ndipo mama yangu anapoanguka. Kila mwezi namtumia mama hela ya unga na dawa za presha. Nikifa bila wasia, yeye hana fungu, labda aende mahakamani aombe kama mzazi aliyekuwa akitegemea marehemu, na mama yangu huyo hata ofisi ya chifu anaiogopa. Kwa wasia niliweza kumtengea ovaloki na moja ya cherehani, aziuze au azikodishe. Kwa upande mwingine, nisingeweza kumpa mama kila kitu nikamwacha mtoto mikono mitupu, kwa kuwa mahakama ina uwezo wa kuingilia na kumtengea mtoto sehemu ya kumtosha. Wasia si rungu la kumpigia mtu.

Mlezi wa mtoto ndiye aliyenikosesha usingizi. Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu mzazi kumtaja kwenye wasia mtu atakayemlea mtoto. Nilimpigia simu dada yangu mkubwa, mwalimu, anakaa Mamboleo huko Kisumu na ana watoto watatu wake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikafika katikati yakaisha, nikamwambia tu, "Dada, nikifa utamchukua?" Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Nipe muda niongee na shemeji yako." Wakati huo nilikasirika kidogo. Nilitaka aseme ndiyo palepale. Siku hizi naona lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na ningemwogopa mtu ambaye angekubali bila kuuliza mumewe wala kuhesabu vitanda. Alipopiga tena aliniambia, "Shemeji yako amekubali. Anauliza kama mtoto anakula omena, kwa sababu hapa hatupiki sahani mbili." Nikamwambia atajifunza.

Baba wa mtoto yuko Eldoret. Sitaeleza habari zake, ana upande wake. Nilikuwa natamani kumfuta, nikaambiwa kalamu yangu haifiki huko. Katiba, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya malezi ya baba na mama kwa usawa, wawe wamefunga ndoa au la. Dada akiteuliwa kwa wasia atakuwa mlezi pamoja na baba aliye hai, si badala yake. Ilibidi nimpigie nimwambie. Mazungumzo yalikuwa mafupi na ya heshima kuliko nilivyotarajia. Tangu hapo anauliza habari za mtoto mara kwa mara, ingawa karo bado naijua mimi.

Kuhusu mazishi, mtu wa magharibi ya Kenya hahitaji kufundishwa jinsi jambo hilo linavyoweza kuwa gumu. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986, na hakuzikwa hadi Mei 23, 1987, kule Nyalgunga, Siaya, baada ya mkewe Wambui na ukoo wa Umira Kager kuvutana hadi Mahakama ya Rufani. Ukoo ukashinda. Wakili wangu aliniambia maneno ya marehemu kuhusu kaburi lake huchukuliwa kama ombi. Mahakama inaweza kuyasikiliza, lakini hayafungi mtu kama yanavyofunga maneno kuhusu mali. Na kuna jambo la kawaida zaidi: wasia mara nyingi husomwa mazishi yakishapita. Kwa hiyo langu niliandika kwenye barua ya pembeni, nikampa dada nakala. Niliomba tu nisipitishwe usiku na spika za disko matanga, na mtu asichange hela za kununua jeneza la kushindana.

Msimamizi wa wasia nilimteua dada huyohuyo. Nilikuwa nikifikiri akiwa na wasia mkononi hatakanyaga mahakamani. Atakanyaga. Lazima aombe mahakama iuthibitishe, tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, watu wapewe siku 30 za kupinga, na kwa kawaida miezi sita ipite kabla ya idhini ya kugawa. Tofauti ni kwamba ataingia akiwa ameshatajwa, si kusubiri wazee wakae waamue nani aende kwa chifu kutafuta barua.

Wasia wenyewe ukatoka karatasi mbili. Kazi iliyonichukua majioni ni karatasi nyingine kabisa, ambayo hata sahihi haihitaji. Ni orodha ya mambo ninayoyajua peke yangu. Vitambaa vilivyoko kibandani si vyangu, na kila kimoja kina mwenyewe: kitenge cha maua ya manjano ni cha mama wa mboga, amelipa nusu, roli ya kijani ni ya sare za shule moja ya Bahati, wameweka arubuni yote. Nani ananidai. Nani namdai, na yupi kati yao atakana. Zamu yangu ya kupokea kwenye chama cha kuchangiana ni mwezi gani. Bima ya aina gani, karatasi ziko kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Namba za siri sikuziandika humo wala kwenye wasia, maana wasia ukishafika mahakamani huwa hati ya umma, mtu yeyote anaweza kuusoma. Nilipokuwa naandika kuhusu vitambaa nilimkumbuka yule mteja wa bale aliyekuwa akiituma meseji kwa maiti. Hiyo orodha naibadilisha kila kazi kubwa inapoingia au kutoka, na ikinipotea nitaumia kuliko nikipoteza wasia.

Kutia sahihi kulifanyika kibandani, juu ya meza ya kukatia. Dada hakuweza kuwa shahidi kwa kuwa ametajwa kupata kitu. Zawadi kwa shahidi, au kwa mume au mke wa shahidi, hubatilika kama hakuna mashahidi wengine wawili huru. Nikawaita fundi viatu wa mlango wa pili na mama anayeuza chai. Fundi viatu alipangusa gundi kwenye vidole kwa petroli, kisha kwa aproni, kisha akaangalia kama karatasi itashika alama. "Nisome kwanza?" akauliza. Nikamwambia haina haja, anachoshuhudia ni sahihi yangu, si siri zangu. Mama chai hakuridhika. Alitaka kujua kama kuna mtu amenilazimisha. Alinivuta kando nyuma ya pazia la kupimia nguo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mwanamume anayenitishia. Nilicheka, lakini baadaye nikaona kwamba ndiye shahidi bora ambaye ningepata. Wasia uliopatikana kwa vitisho au hila hauna nguvu, na siku ya kuulizwa yeye atajibu.

Mama yangu aliposikia alisema, "Acha uchuro." Hakutaka kuongea nami kwa simu siku hizo, alikuwa akimpa mtoto wa jirani apokee. Nilimwacha. Kisha Oktoba 2025 Raila Odinga akafariki India tarehe 15, na tarehe 19 alikuwa ameshazikwa Bondo. Familia ilisema aliacha maagizo azikwe ndani ya saa 72. Magharibi nzima tulizoea mkubwa akifa mipango inaenda wiki na wiki, na hapa mkubwa kuliko wote amelazwa siku ya nne kwa sababu alisema mapema. Mama akapiga simu mwenyewe. Hakutaja uchuro. Aliuliza kama ile karatasi yangu ilikuwa na mahali pa kuandika kwamba ng'ombe wake mweusi si wa baba mdogo, ni wa kuazimwa tu maziwa. Nikamwambia hiyo ni karatasi yake, si yangu, na atafute mashahidi wawili wasiokunywa hayo maziwa.

Limebaki moja. Wasia hufutika unapoandika mwingine unaosema kwamba unaufuta wa kwanza, au ukiuchana au kuuchoma kwa nia ya kuufuta, au ukifunga ndoa. La mwisho huwashangaza wengi: siku ya harusi karatasi zangu mbili zitakufa, isipokuwa ningekuwa nimeandika kwamba natarajia kuolewa na fulani kwa jina. Sikuandika. Kuna fulani, lakini wakati ule sikuwa tayari kumweka kwenye hati yenye sahihi ya fundi viatu. Nilipomweleza aliwaza, akaniuliza kama ule mpya utamtaja. Nikamwambia kwanza aniletee fomu yake ya sacco nione amemwandika nani. Bado naisubiri.